Ishara na Neno

Mtazamaji wa kibanda cha video katika mitaa kama Majengo, mjini Moshi, hakudai midomo ya mchezaji iende sambamba na Kiswahili alichokisikia. Kapteni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, mfasiri wa filamu aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia juu ya sura za wageni, nayo midomo yao ikienda zake. Lililotakiwa ni neno lifike pamoja na mkono unaoinuka. Ufundi haukuwa wa kupatanisha neno na mdomo, bali neno na ishara.

Kwa kipimo hicho zafaa kupimwa filamu zinazotungwa ndani ya michezo ya kompyuta. Mtunzi wake hana mchezaji. Ana kikaragosi kilichokwishafundishwa na wengine ishara chache. Katika Red vs. Blue, iliyoanza mwaka 2003 kwa mchezo wa Halo, askari wamefunikwa nyuso kwa kofia za vita. Mdomo hauonekani kabisa. Anayesema hutikisa kichwa, anayesikiliza hutulia. Umaskini huo umegeuzwa kanuni, kama mizani 16 ya mshororo inavyomfunga mshairi naye akapata humo nafasi yake, na mzaha umekaa sawasawa.

The French Democracy ina mzigo mzito zaidi. Alex Chan aliitunga Novemba 2005 kwa mchezo wa The Movies, kuhusu ghasia zilizozuka Ufaransa baada ya vijana wawili, waliokuwa wakiwakimbia polisi, kufa kwa umeme. Maneno yake yameandikwa chini ya picha, na vikaragosi vinapunga mikono ya kukopa. Penye ghadhabu, mikono hiyo inafaa. Penye msiba inapunga mno, na neno linapwaya kama kanzu ya kuazima. Lakini lawama si ya Chan: ghala alilochotea ishara lilijazwa kwa ajili ya visa vingine, si kilio cha vitongoji vile.

Wapenzi wa taarab wanalijua jambo hili. Anayeinuka kumtunza mwimbaji huuchagua mshororo unaomchoma hasimu wake. Akichelewa mshororo mmoja, fumbo limempiga asiyehusika.

Ndiyo maana kijana wa Majengo au wa Ng'ambo anayetia Kiswahili katika vikaragosi vya wageni asianze kuhangaika na midomo. Aitazame kwanza ishara iliyopo, kisha aiandikie neno lake. Isipokuwapo, kikaragosi na kitulie. Lakini Kiswahili kina kushika tama, kubetua midomo na kukata jicho, na haya ni nusu ya usemi wenyewe. Hadi atakapopatikana wa kuvifundisha vikaragosi hivyo kushika tama, msiba wetu utasemwa humo kwa mikono ya watu wengine.