Neno "Aina" na Uchunguzi wa Vinasaba vya Bakteria wa Mifugo

Miongoni mwa maneno yanayotumikishwa kupita kiasi katika tafsiri za kitaalamu, neno aina lashika nafasi ya mbele. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza mahali pamoja tu, yaani katika maandishi ya afya ya mifugo yanayoeleza jinsi maabara zinavyotambua bakteria kwa vinasaba vyao. Tumechagua mahali hapo kwa sababu huko kosa la istilahi si upungufu wa ufasaha tu. Laweza kumfikisha mgonjwa kwenye dawa isiyomfaa.

Tuchukue brusela, ugonjwa ambao wafugaji huutambua kwa ng'ombe kutupa mimba, na ambao humpata binadamu pia, hasa kwa kunywa maziwa mabichi au kugusa kondo la mnyama mgonjwa. Bakteria wake wamo katika jenasi iitwayo Brucella, kwa jina la David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyewagundua Malta mwaka 1887. Ndani ya jenasi hiyo mna spishi kadhaa: Brucella abortus huwapata hasa ng'ombe, Brucella melitensis mbuzi na kondoo, na Brucella suis nguruwe. Ndani ya spishi moja mna tena makundi madogo ya bakteria waliotokana na chanzo kimoja, wenye sifa zao za kurithi. Kundi hili dogo ndilo linalokosa jina.

Wafasiri wengi huliita aina, kama wanavyoiita spishi na jenasi pia. Matokeo yake ni sentensi ya namna hii: "Ng'ombe wa aina zote wachanjwe kwa aina ya 19 ili kuzuia aina hii ya bakteria." Sarufi yake ni safi, lakini aina ya kwanza ni ya ng'ombe, ya pili ni ya bakteria wa chanjo, na ya tatu ni spishi nzima. Zaidi ya hayo, msomaji atadhani ziko aina kumi na nane zilizotangulia, ilhali 19 ni alama ya utambulisho tu. Bakteria hao walipatikana katika maziwa ya ng'ombe mwaka 1923, wakapoteza ukali wao baada ya kuachwa maabara zaidi ya mwaka mmoja katika joto la kawaida.

Huenda mtu akauliza: je, mfugaji yamhusu nini haya yote? Yamhusu sana. Chanjo ya S19 huacha katika damu ya ng'ombe kingamwili zinazoweza kufanana na za ugonjwa wenyewe, hata mnyama mzima akadhaniwa mgonjwa. Chanjo ya RB51 haina taabu hiyo, lakini bakteria wake hawauawi na rifampisini, dawa ambayo hutumiwa kumtibu binadamu mwenye brusela. Wale wa Rev.1, chanjo ya mbuzi na kondoo, hustahimili streptomisini. Mwaka 2017, katika jimbo la Texas, Marekani, mtu aliugua kwa kunywa maziwa mabichi yenye RB51. Vipimo vya kawaida vya damu havigundui ambukizo hilo. Kwa hiyo, ripoti isemayo tu kwamba "aina ya bakteria ni Brucella abortus" imesema kweli, nayo imemnyima daktari lile alilolihitaji.

Hapo ndipo vinasaba huamua. Maabara hunakilisha vipande maalumu vya vinasaba mara nyingi kwa njia ya PCR, kisha hulinganisha vipande vilivyotokea. Mwaka 1994 ilitangazwa njia iliyoitwa AMOS, kwa herufi za mwanzo za abortus, melitensis, ovis na suis. Baadaye ikaboreshwa ili itofautishe bakteria wa chanjo na wale wa ugonjwa. Sayansi imekwisha kutofautisha. Haifai tafsiri ichanganye tena.

Basi tuseme nini? Wapo wanaopendelea straini. Neno hilo latamkika, ila halimwambii msomaji lolote. Kabila ni la watu, na ukoo kwa msomaji wa biolojia huelekea kumaanisha kundi kubwa. Sisi twaona mbari lafaa zaidi, kwa kuwa maana yake ya asili ni watu wa chimbuko moja, na hilo ndilo jambo linalothibitishwa na vinasaba. Twakiri kwamba vijana wengi hawalitumii neno hili. Lakini neno lililosahauliwa hufufuliwa kwa kutumiwa, na walimu ndio wenye uwezo huo.

Neno la pili linalohitaji uangalifu ni kipimo. Mwandishi akiandika "kila ndama apate kipimo kimoja", bwana mifugo hajui kama ndama atolewe damu au achomwe sindano ya chanjo. Lugha inalo neno dozi, nalo limezoeleka, tulitumie.

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo:

Spishi: kundi kama Brucella abortus. Majina ya Kilatini yasitafsiriwe.

Mbari: kundi la bakteria wa chimbuko moja ndani ya spishi, kwa mfano mbari S19, wala si "aina ya 19".

Kitengwa: bakteria waliotengwa kutoka sampuli moja, kabla mbari yao haijajulikana. Vitengwa viwili vyaweza kuwa vya mbari moja.

Uchunguzi wa vinasaba: kazi nzima ya kutambua, kipimo kibaki kwa kila hatua ya kupima, na dozi kwa kiasi cha dawa au chanjo.

Aina: libaki katika matumizi ya kawaida, kama aina za malisho au za ng'ombe.

Hatudai kwamba mapendekezo haya hayana dosari. Wafasiri na mabwana mifugo wanaoyaona magumu watuletee maneno wanayoyasikia kwa wafugaji wenyewe. Lililo muhimu ni kwamba yule asomaye ripoti ya maabara asilazimike kukisia.