Sala Isiyongoja Moyo

Sentensi ya kwanza ya Shulchan Aruch, kitabu cha sheria alichokiandika Yosef Karo mjini Safed na kilichochapishwa Venice mwaka 1565, inamkuta mtu kitandani. Inamtaka ajikaze kama simba, ainuke kumtumikia Muumba wake, na yeye ndiye aiamshe alfajiri badala ya kuamshwa nayo. Kitabu hicho kinagusa ndoa, biashara, chakula na mahakama, lakini Karo aliona pa kuanzia ni pale mtu anapovutana na shuka lake.

Sala ya asubuhi ya Kiyahudi, Shaharit, huchukua nusu saa au zaidi kidogo siku za kawaida. Husaliwa na wenye duka, wanafunzi, wastaafu, madereva, watu ambao usiku uliopita mtoto hakuwaacha walale. Swali linalonishughulisha ni la kiufundi: ilijengwaje hata ikadumu kwa karne nyingi mikononi mwa watu wa kawaida? Jibu ninaloliona ni kwamba marabi waliuthamini sana moyo wa mwenye kusali, ila hawakuukabidhi funguo za asubuhi. Funguo walizigawa kwa mwili, kwa jua na kwa majirani.

Tuanze na mwili. Neno la kwanza la siku, Modeh Ani, ni shukrani ya maneno 12 tu ya Kiebrania, na halimo ndani yake jina takatifu la Mungu. Kwa sababu hiyo linaweza kusemwa hapo hapo kitandani, kabla ya kunawa mikono. Hakuna maandalizi yanayodaiwa. Kisha Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, katika sehemu yake iitwayo Berakhot, ukurasa wa 60, inapanga msururu wa baraka fupi na kuifunga kila moja kwenye tendo ambalo mtu angelifanya tu: kusikia jogoo, kufumbua macho, kuketi, kuvaa nguo, kukanyaga sakafu, kufunga viatu, kujifunga mshipi. Anayefika mlangoni tayari amekwishasali mara kadhaa, na hakuna hata mara moja aliyolazimika kuamua kuanza. Mwamuzi alikuwa ni kiatu.

Baadaye baraka hizi zilihamishiwa sinagogi na kusomwa kwa mfululizo. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliiona desturi hiyo katika miji mingi ya zama zake akaikataa waziwazi: mtu asitoe baraka ya jambo lisilomhusu. Desturi ilimshinda. Kwa upande wa ujenzi, naona Maimonides ndiye aliyekuwa na haki. Baraka ya viatu inayosomwa kitabuni nusu saa baada ya kuvivaa imepoteza bawaba yake, na ninaamini watu wengi wanaohangaika na asubuhi zao wangesaidika kwa kuirudisha pale mlangoni.

Mwili pia hufungiwa njia nyingine. Kabla ya kusali mtu haruhusiwi kula. Maji yanakubalika, na waamuzi wengi wa baadaye waliruhusu chai au kahawa kwa anayeihitaji ili akili ichangamke. Haruhusiwi kuanza kazi zake, wala kushika safari, wala kwenda nyumbani kwa mwenzake kumwamkia. Sheria hizi mara nyingi huelezwa kama heshima, kwamba Mungu atangulie, na ni kweli. Lakini tazama zinavyofanya kazi: njaa, ambayo ingemvuta mtu aache sala, sasa inamsukuma aisali.

Halafu jua. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa saa ya Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, huhesabiwa kama yetu, kuanzia mapambazuko. Rabi Eliezer alitaka Shema, tamko la umoja wa Mungu, lisomwe kabla jua halijachomoza. Rabi Yehoshua alisema mpaka saa tatu, na sababu aliyoitoa inashangaza: ndivyo walivyo watoto wa wafalme, huamka saa tatu. Sheria ilimfuata Yehoshua. Mpaka wa taifa zima ukawekwa kwa kipimo cha anayechelewa kuamka. Kwa Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, mpaka uliofuatwa ni saa nne, naye aliyechelewa zaidi bado anaweza kuisali hadi adhuhuri, ingawa thawabu ya kusali kwa wakati wake imempita.

Saa hizi hurefuka na kufupika, kwani mchana hugawanywa sehemu 12 sawa uwe mrefu au mfupi. Kwa Wayahudi wa Nairobi, au wa Mbale, ambako jumuiya ya Abayudaya ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, saa moja huwa takriban dakika 60 mwaka mzima, kwa kuwa wako karibu na ikweta. Jerusalem huwa kama dakika 70 katikati ya kiangazi na 50 katikati ya baridi. London mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na saa moja ya mchana haifiki dakika 40. Kule ugumu hugeuka sura: mtu yuko macho, ana treni ya kuwahi, na nje bado ni giza. Tefilini, vile vikasha viwili vyeusi vya ngozi vyenye vifungu vinne vya Torati, havivaliwi mpaka kuwe na mwanga wa kumtambua mtu unayemfahamu kidogo akiwa dhiraa nne kutoka kwako. Ni kipimo kizuri. Siku haianzi mpaka uweze kuuona uso wa mwenzako.

Na mwenzako ndiye nguzo yenye nguvu kuliko zote. Miniani ni watu wazima kumi. Kwa Waorthodoksi ni wanaume waliotimiza miaka 13, kwa jumuiya nyingi za Conservative na Reform wanawake pia huhesabiwa. Bila kumi hakuna kusoma Torati Jumatatu na Alhamisi, hakuna Amida ya kurudiwa kwa sauti, hakuna kadishi. Anayesali peke yake ametimiza wajibu wake. Lakini katika mji mdogo mtu wa kumi anajua kwamba akijifunika tena, tisa watabaki wamesimama wakitazama mlango. Zamani, Ujerumani na Ulaya Mashariki, mtumishi wa sinagogi alizunguka gizani akigonga madirisha kwa nyundo ya mti, kama wapiga ngoma wa daku katika mitaa ya pwani yetu. Siku hizi ni simu.

Kadishi ndiyo huleta watu ambao hakuna kingine kingewaleta. Aliyefiwa na mzazi huisoma kwa miezi 11. Kipindi cha hukumu ya waovu kilihesabiwa kuwa miezi 12, na rabi Moshe Isserles wa Kraków aliandika kwamba mtoto aishie 11 ili asimfanye mzazi wake aonekane mwovu. Maneno ya kadishi hayataji kifo hata mara moja. Ni sifa kwa Mungu, karibu yote kwa Kiaramu. Na kwa kuwa yanahitaji kumi, mfiwa hawezi kujifungia na majonzi yake. Lazima atoke kila asubuhi, akutane na watu ambao baadhi yao wako pale kwa sababu yake. Nikisoma mpango huu huwa naguswa sana, maana miezi 11 inatosha kwa miguu kuijua njia. Wapo wanaoingia kwa ajili ya baba na hawaachi tena.

Tatizo la moyo bado lipo, na marabi hawakulificha. Sura ya nne ya Berakhot katika Mishna inaanza kwa kuweka nyakati za sala, kisha ndani ya sura hiyo hiyo Rabi Eliezer anaonya kwamba anayeifanya sala yake kuwa jambo la ratiba tu hajaomba. Maimonides aliamua kwamba asiye na utulivu wa akili asisali mpaka atulie. Karo alipofika hapo alikiri kwamba watu wa siku zake hawachungi hilo, kwa kuwa umakini wao ni mdogo. Akadai walau baraka ya kwanza ya Amida isaliwe kwa moyo wote. Isserles akaongeza kwamba aliyekosa umakini hata hapo asirudie siku hizi, kwani akirudia huenda akaukosa tena. Huo ni uamuzi wa ujasiri mkubwa. Unamruhusu mtu mwenye akili iliyotawanyika kusimama na kusali leo, kama alivyo.

Aliyechelewa naye ana njia. Shulchan Aruch, kifungu cha 52, inampangia zaburi za kuruka na zile za kubakiza, ili aisimamie Amida pamoja na wenzake. Na aliyekosa sala kabisa kwa kusahau au kuzuiwa? Husali Amida mara mbili katika sala inayofuata: ya kwanza ni ya wakati huo, ya pili ni fidia. Msomaji Mwislamu ataikumbuka kadha, ila hapa kuna mpaka. Hufidiwa sala moja tu, ile ya mwisho kupita. Aliyekosa asubuhi na alasiri, usiku hulipa alasiri peke yake. Ya asubuhi imekwenda na wala haibaki kuwa deni. Aliyeiacha kwa makusudi hapewi fidia yoyote. Anachoweza ni kusali kwa hiari, kama mtoa sadaka.