Ustadi wa Kusahau: Kuitetea Dark Souls II

Mnamo Machi 2014 kampuni ya FromSoftware ya Japani ilitoa Dark Souls II kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na mwezi uliofuata mchezo ukafika kwenye kompyuta za Windows. Wahakiki waliupokea kwa sifa. Baadaye, kadiri ndugu zake walivyozidi kutoka, wachezaji wakaanza kuuweka kando. Demon's Souls ya 2009 inaheshimiwa kwa kufungua njia. Dark Souls ya 2011 imekuwa kipimo cha kupimia mingine yote. Bloodborne ya 2015 inasifiwa kwa kasi na utisho wake. Elden Ring ya 2022 kwa upana wake. Dark Souls II hutajwa kwa kuombewa radhi, utadhani anayeupenda ana deni la kulipa. Dai langu ni kwamba huo ndio wenye wazo lililo wazi kuliko yote, na kwamba wazo hilo halikuachwa kwenye maelezo ya hadithi tu, bali limeingizwa ndani ya kanuni zenyewe za kucheza. Wazo hilo ni upotevu wa polepole: mtu, mfalme na nchi vinavyoendelea kusahau vilikuwa nini.

Kwa asiyeifahamu michezo hii, msingi wake ni mfupi kueleza. Ni migumu kwa makusudi. Unapigana, unakufa, unarudi kwenye moto wa kupumzikia, na maadui uliowaua wanafufuka pamoja nawe. Roho ulizokusanya, ambazo ndizo fedha na ndizo nguvu, zinabaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, umezipoteza kabisa. Mchezo wa 2011 ulijenga juu ya msingi huo hadithi ya Lordran, nchi ya miungu ambayo moto wake mkuu ulikuwa unazimika. Mwendelezo wa kawaida ungeturudisha Lordran, ukatuonyesha wale wale tuliowapenda, ukaongeza silaha na ukubwa. Waongozaji Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura hawakufanya hivyo. Walituweka Drangleic, ufalme mwingine, baada ya muda mrefu kiasi kwamba hata majina ya miungu wa kwanza hayakumbukwi tena. Kuna shujaa mmoja wa kale anayekutana nasi akiwa na umbo la Ornstein wa mchezo wa kwanza, lakini huku anaitwa Muuaji wa Mazimwi wa Kale tu, na hakuna anayejua alikuwa nani. Wengi waliona huo ni uvivu wa kubuni. Mimi naona ni uamuzi wa kijasiri, kwa sababu mchezo unaohusu kusahau usingekuwa mkweli kama ungekumbuka kila kitu kwa ajili ya kumfurahisha mchezaji.

Tuanze na kanuni, maana hapo ndipo ushahidi ulipo mwingi. Katika Demon's Souls, ukifa mara moja uhai wako wa juu unakatwa nusu papo hapo. Dark Souls ya kwanza iliacha adhabu hiyo. Dark Souls II ikairudisha kwa sura nyingine: kila kifo kinapunguza sehemu ndogo ya uhai wako wa juu, kidogo kidogo, mpaka ubaki na nusu. Tofauti inaonekana ndogo, kumbe ndiyo kila kitu. Pigo la ghafla mtu hulizoea, lakini kupungua huku huna hakika kulianza kuuma lini. Mara ya tatu unajiambia bado unaweza. Mara ya sita unatazama mstari wa uhai na kugundua kwamba adui aliyekuwa akikuua kwa mapigo matatu sasa anakuua kwa mawili. Dawa ipo, ni sanamu ndogo za binadamu zinazokurudishia sura yako, ila ni chache kwa kiasi cha kukufanya ufikiri kabla ya kuzitumia. Wanaolalamika kwamba kanuni hii inamwadhibu anayeshindwa wanasema kweli. Lakini laana ndiyo kiini cha hadithi: walaaniwa wa Drangleic hawafi, wanapungua hadi wabaki maganda yanayotembea. Kwingineko katika mfululizo huu tunaambiwa habari za laana hiyo. Hapa tunaibeba wenyewe, na inaonekana kwenye skrini kila sekunde.

Kanuni ya pili inanivutia zaidi, na hutajwa mara chache. Adui wengi, wakiuawa takriban mara kumi na mbili, hawarudi tena. Mchezaji aliyekwama kwa jitu fulani, akipita njia ile ile tena na tena, hatimaye anaikuta njia tupu. Kuna wanaosema hilo linalainisha mchezo na kuondoa changamoto. Ni kweli kwamba ni huruma kwa anayehangaika, na sioni aibu yoyote katika huruma hiyo. Lakini ina bei. Roho zilizokuwa zikipatikana pale zimekwisha, na askari uliowachukia hawapo tena. Ukitaka warudi, kuna kitu unachoweza kukitupa motoni ili eneo lianze upya, ila litaanza likiwa gumu zaidi, na uamuzi huo hauna kurudi nyuma ndani ya safari ile. Hivyo ukaidi wako mwenyewe ndio unaoifanya nchi iwe mahame. Sijui mchezo mwingine wa mfululizo huu unaompa mchezaji lawama ya namna hiyo bila kumtamkia neno.

Halafu kuna Vendrick. Tangu mwanzo tunaambiwa tumtafute mfalme huyu, aliyevuka bahari, akawashinda Majitu, akanyang'anya walichokuwa nacho, akajenga dola, kisha akatoweka baada ya Majitu kuja kulipiza kisasi. Michezo ya aina hii imetuzoesha kwamba mfalme anayetafutwa kwa saa nyingi atakuwa pambano kuu la mwisho, lenye kwaya na ngurumo. Tunashuka hadi kwenye kaburi la wasiokufa, tunamshinda mlinzi wake Velstadt, tunaingia chumba cha ndani. Nguo za kifalme ziko sakafuni pamoja na pete. Mwenye nguo hizo yupo, yu karibu uchi, anaburuta upanga wake na kuzunguka chumba bila kutuona. Yeye hatushambulii. Tunaweza kuichukua pete na kuondoka, na hadithi itasonga mbele. Anayeng'ang'ania kupigana atagundua kwamba silaha yake haimwingii mfalme vyema mpaka amekusanya roho za Majitu, yaani za wale wale aliowadhulumu. Watengenezaji walikuwa na uwezo wa kutupa pambano la kukumbukwa, wakaamua kutupa chumba chenye mzee asiyejijua. Sijaona katika mfululizo mzima uamuzi wa uandishi unaouzidi huu kwa nguvu.

Lucatiel wa Mirrah ni sura nyingine ya jambo hilo hilo. Ni mpiga upanga aliyekuja Drangleic kumtafuta kaka yake, na kila tunapokutana naye amesahau zaidi. Ili hadithi yake ifike mwisho, inabidi umwite akusaidie katika mapambano makubwa matatu na utoke naye akiwa hai. Hilo si rahisi. Akili ya mashine inayomwongoza humkimbiza mbele ya adui bila hadhari, nawe unalazimika kupigana kwa namna ya kumlinda. Ukifaulu, mara ya mwisho anakuomba ulikumbuke jina lake, kwa kuwa yeye hana hakika ataendelea kulikumbuka. Ombi hilo lina uzito kwa sababu umelitolea jasho.  

Sasa mapingamizi, na yapo mazito. Inasemwa kwamba ugumu wa mchezo huu ni wa hila: maadui wengi mno kwa pamoja badala ya mmoja aliyebuniwa vizuri. Katika baadhi ya maeneo lawama hii ni ya haki, hasa Shrine of Amana, ambako wachawi wa mbali walikuwa wakali kupita kiasi hadi watengenezaji wakalazimika kuwapunguza. Lakini mahali pengi wingi huo ni fumbo la kutatuliwa. Kwenye gati la No-man's Wharf wanaishi viumbe wenye mikono mirefu wanaoogopa mwanga. Mwenye mwenge wa moto mkononi hupita mahali ambapo mwenye upanga mkubwa hufia. Kwenye kinu cha upepo cha Earthen Peak, ukikigusa kinu kwa moto huo huo kinaungua, na sumu iliyojaa chumba cha malkia Mytha inakauka kabla hujafika. Na Looking Glass Knight, askari wa kioo, anaweza kuisimamisha ngao yake na kumtoa ndani yake mchezaji mwingine, binadamu halisi aliyeunganishwa kwa intaneti, aje kukupiga. Nani atasema hapo kwamba ubunifu ulikosekana?

Pingamizi la pili ni sifa iitwayo Adaptability. Katika michezo mingine, unapobingiria kukwepa pigo, kitambo kile cha usalama unakipata bure. Hapa unakinunua, kwa kupandisha namba isiyojieleza vizuri. Wengi walicheza mchezo mzima wakidhani pigo lililowagusa lilikuwa dhuluma, kumbe walikuwa hawajaongeza namba hiyo. Kosa hapa ni la maelezo, na ni kosa kubwa. Kanuni yenyewe naitetea: mwili wa mlaaniwa unaoanza ukiwa mzito na polepole, hata katika kunywa dawa, unalingana na dunia hii, na wepesi unaopatikana baadaye unahisiwa kuwa ni mali ya mchezaji.

La tatu ni jiografia. Lordran ilikuwa na fahari ya kujikunja ndani yake, njia moja ikizaa nyingine hadi ukastaajabu kujikuta ulikoanzia. Drangleic inatawanyika kutoka Majula, kijiji kilicho juu ya jabali kando ya bahari, chini ya jua lisilomaliza kuzama. Na kuna lifti mashuhuri kwa ubaya: unapanda kutoka juu ya kinu cha upepo, unatokea kwenye ngome iliyozama katika ziwa la moto, wakati kwa nje hakukuwa na kitu juu ya kinu ila anga. Wapo wanaoitetea kwa kusema ni mantiki ya ndoto na kumbukumbu zilizovurugika. Sitaki kujificha humo. Kiungo hicho kimeshonwa vibaya. Ila kutawanyika kwenyewe kuna faida ambayo Lordran haikuipa uzito sawa, nayo ni uhuru wa mapema wa kuchagua. Roho nne kuu zinazotafutwa ziko pande tofauti, unaweza kuzifuata kwa mpangilio wako, na tangu mwanzo unaweza kusafiri papo kwa papo kati ya mioto uliyokwisha kuiwasha. Kwa hiyo Majula panakuwa nyumbani kweli. Watu uliowakuta njiani wanahamia pale mmoja mmoja, na kijiji kilichokuwa na upepo na watu wachache tu, wakiwemo mfua chuma na paka anayesema, kinaanza kujaa.

Makosa mengine nayataja haraka kwa sababu hayateteeki. Utaratibu wa kuwapanga wachezaji mtandaoni kwa jumla ya roho walizowahi kukusanya ulimwadhibu aliyepoteza roho zake mara mbili. Maonyesho ya 2013 yalikuwa na mwanga na kivuli ambavyo havikufika kwa mnunuzi. Silaha zilichakaa haraka isivyostahili kwenye kompyuta zilizocheza kwa fremu 60 kwa sekunde. Na uwanda wa theluji wa Frigid Outskirts haukupaswa kutoka kama ulivyotoka.

Lipo pingamizi linalosemwa kwa sauti ya hukumu: kwamba Hidetaka Miyazaki, baba wa mfululizo, hakuuongoza huu. Ni kweli, alikuwa na Bloodborne, na hapa alibaki msimamizi. Lakini hoja hiyo inahukumu kazi kwa jina lililo jaladani. Tanimura aliendelea kuwa miongoni mwa waongozaji wa Dark Souls III na wa Elden Ring, na alama za mchezo huu zimeenea humo. Kupanga upya nguvu za mhusika katikati ya safari kulianza hapa. Kupigana kwa silaha mbili kwa pamoja, kila mkono na yake, kwa mapigo yaliyobuniwa mahsusi, kulianza hapa, kukaachwa, kisha Elden Ring ikakurudisha. Kitu kimoja hakijafikiwa hata na warithi wake: mzunguko wa pili wa Dark Souls II unabadilisha maadui na mahali walipo, kiasi kwamba Lost Sinner, uliyempiga akiwa peke yake mara ya kwanza, sasa anakungoja pamoja na wachawi wawili wa moto.

Nyongeza tatu za 2014 zilizohusu mataji ya wafalme ndizo kazi safi kuliko zote humo, na zinalifikisha wazo la upotevu mahali pake pa haki. Ukikusanya mataji yote, likiwemo la Vendrick, na kumfikia mfalme huyo ndani ya kumbukumbu, yeye bado na akili zake, anayabariki. Na ukivaa mojawapo, kifo hakikupunguzii uhai tena. Kanuni iliyokutesa tangu saa ya kwanza inanyamaza, ingawa ukilivua taji inaanza kazi upya. Vendrick alipata kizuizi, tiba hakuipata, na kakake Aldia, aliyeongezwa kama mhusika tunayekutana naye mwaka 2015, anakuwekea chaguo la kukigeuzia mgongo kiti cha enzi na kwenda zako.

Anayetaka kuanza leo atakutana zaidi na toleo la Aprili 2015, Scholar of the First Sin, ambalo lilipanga upya maadui wengi. Mimi nalipendekeza, ingawa lina vikwazo vya mapema visivyo na upole, kama joka lililowekwa katika eneo la Heide kuziba njia. Aanze na Msitu wa Majitu Yaliyoanguka, aiache Heide kwanza, na aongeze Adaptability kabla ya kuongeza nguvu za mkono.