Kipandikizi cha Titi na Umbali wa Tabibu

Mwanamke wa Busia au wa Tororo aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, akisha kutolewa nyuzi na akisha kumaliza dawa zake, hufikiwa na swali ambalo aghalabu halimo katika cheti chochote alichopewa: je, kifua hiki kijengwe upya, au kiachwe kama kilivyo, au kisitiriwe kwa titi la bandia livaliwalo ndani ya sidiria? Wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama umbo litakaloonekana siku ya kutoka hospitali. Nami nasema, kwa yakini ya moyo, ya kuwa lapaswa kujibiwa kwa kutazama miaka kumi na kumi na mitano ya baadaye, kwani kipandikizi si kazi inayofanywa ikaisha, bali ni ahadi ya kudumu baina ya mwili wa mwenyewe, mkono wa tabibu, na barabara iliyo kati yao.

Barabara hiyo si fupi. Mji wa Busia umegawanywa na mpaka, upande mmoja Kenya na upande wa pili Uganda, na mgonjwa huuvuka mpaka huo kama auvukavyo mwenye biashara, akimfuata tabibu aliye karibu au aliye rahisi. Kuondoa titi ni kazi iwezwayo na mpasuaji wa kawaida, na kwa hiyo mtu wa Tororo huenda Mbale, kiasi cha kilomita 45, na mtu wa Busia ya Kenya huenda Kisumu, zaidi ya kilomita 100. Lakini kulijenga titi ni kazi ya bingwa wa kurekebisha maumbile, na mabingwa hao wengi wao wamo Kampala, mwendo wa kilomita 200 hivi, au Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Kila hatua nitakayoieleza hapa chini sharti ipimwe kwa kipimo hicho.

Tuanze na upasuaji wa kwanza, kwa kuwa ndio uamuao mengi ya yafuatayo. Uvimbe ukigunduliwa mapema, mpasuaji aweza kuliondoa titi na kuibakiza ngozi yake, hata pengine na chuchu, na hapo bingwa hupata mfuko uliokwisha kuumbwa wa kutilia kipandikizi siku hiyo hiyo. Walakini katika nchi zetu wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, basi hutangulizwa dawa za kuupunguza uvimbe, kisha titi huondolewa pamoja na ngozi pana na tezi za kwapani, neli huachwa ubavuni kwa siku kadhaa ili zitoe majimaji, na mwishowe huja tiba ya mionzi. Mwanamke huyo hubaki na ngozi iliyovutwa juu ya mbavu, isiyo na nafasi ya kutia chochote. Naye akitaka kujengwa, sharti kwanza nafasi hiyo itafutwe.

Namna ya kuitafuta imevumbuliwa kwa hatua. Mwaka 1962, katika mji wa Houston huko Marekani, wapasuaji Thomas Cronin na Frank Gerow walimtia mwanamke vipandikizi vya kwanza vya silikoni. Na katika miaka ya 1970 mpasuaji Chedomir Radovan akaleta mfuko wa kutanulia ngozi, ambao mpaka leo ndio mlango wapitao wengi. Mfuko huo, ukiwa mtupu au una maji kidogo tu, hulazwa chini ya msuli mkubwa wa kifua, nao una kinywa kidogo cha kupokea sindano, ambacho nyuma yake pana bamba gumu la kuizuia sindano isiutoboe. Jeraha likisha kushikana, yaani baada ya wiki mbili au tatu, tabibu hupitisha sumaku ndogo juu ya ngozi mpaka imwonyeshe kinywa kilipo, huisafisha ngozi, hudunga sindano nyembamba, kisha hutia polepole maji safi ya chumvi, mililita 50 au 100, huku akimwuliza mgonjwa kama kifua kimebana kupita kiasi. Mgonjwa hurudi baada ya wiki moja au mbili, hutiwa tena, hata ngozi na msuli vikatanuka kupita kidogo kipimo kinachotakiwa; ndipo hufanywa upasuaji wa pili, mfuko ukatolewa na kipandikizi cha kudumu kikaingizwa mahali pake.

Sasa na tuhesabu. Mtu anayehitaji kutiwa maji mara sita, naye anatoka Busia kwenda Kampala na kurudi, atakwenda kilomita 2,400 kabla ya kuufikia upasuaji wa pili, akiwa na kidonda kifuani ndani ya matatu iliyojaa watu, akiacha shamba na duka. Hapa pana jambo ambalo viongozi wa afya wa pande zote mbili za mpaka wangeweza kulifanya bila ya kujenga jumba jipya: katika nchi nyingine kazi hiyo ya kutia maji hufanywa na wauguzi waliofundishwa, chini ya maagizo ya bingwa, na sioni sababu ya muuguzi wa Tororo au wa Busia asifundishwe vivyo hivyo, ili mgonjwa amwendee bingwa kwa visu viwili tu, na sindano zote azipate nyumbani.

Mintarafu ya kipandikizi chenyewe, ganda lake ni la silikoni daima, na ihtilafu imo katika kilichomo ndani na katika uso wake. Kilichojazwa maji ya chumvi kikipasuka, titi hunywea kwa muda wa siku chache na mwili huyanyonya maji hayo pasipo madhara, hata mwenyewe hutambua bila ya kuambiwa. Kilichojazwa silikoni laini kina ulaini ulio karibu zaidi na nyama ya mwili, lakini kikipasuka chaweza kukaa kimya miaka mingi, na hakijulikani ila kwa picha. Kwa ajili hiyo idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba hupendekeza kipandikizi cha silikoni kipigwe picha ya mawimbi ya sauti au ya sumaku mwaka wa tano au wa sita, kisha kila miaka miwili au mitatu. Mwanamke asiye na hakika ya kupata picha hizo angekuwa na hoja nzuri ya kuchagua maji ya chumvi, ijapokuwa huonyesha mikunjo zaidi chini ya ngozi nyembamba.

Ama uso wake, vipo vilivyo laini na vipo vilivyokwaruzwa ili vishikamane na nyama visigeuke mahali pake. Hivyo vya pili vimeonekana kuhusika na saratani adimu ya chembe za kinga ya mwili, ambayo dalili yake aghalabu ni uvimbe wa ghafla na majimaji kuzunguka kipandikizi, miaka saba hadi kumi baada ya upasuaji. Na mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa duniani kote vipandikizi vyake vya aina ya Biocell. Kabla ya hapo, mwaka 2010, iligunduliwa Ufaransa ya kuwa kampuni iitwayo Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kutiwa mwilini, na maelfu kwa maelfu ya wanawake wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kutiwa. Hadhari itokayo humo ni moja: kila kipandikizi kina kadi yenye jina la mtengenezaji, kipimo, na namba yake, na kadi hiyo yapaswa kuwekwa pamoja na hati ya shamba, kwa kuwa bila yake hakuna tabibu wa Mbale wala wa Kisumu atakayejua kilichomo kifuani mwako pindi habari mbaya itakapotangazwa.

Hata kipandikizi kisicho na kasoro hakiachwi hivi hivi na mwili. Mwili hukizungushia utando wa kovu kila kitu kigeni, na kwa wengi utando huo hubaki mwembamba na laini; kwa wengine hukaza, titi likawa gumu, likapanda juu, likauma, na matabibu hulipima jambo hilo kwa daraja nne za Baker, ya kwanza ikiwa ni titi laini na ya nne ni titi gumu lenye maumivu. Sababu kubwa iongezayo hatari hiyo ni tiba ya mionzi, ambayo huiachia ngozi ukavu na upungufu wa mishipa ya damu. Na kwa kuwa wanawake wetu wengi huhitaji mionzi, hapa ndipo kipandikizi hupoteza sehemu kubwa ya sifa zake. Isitoshe, mionzi yenyewe haikupatikana sikuzote kwa wakati wake: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, iliharibika, na mpya haikuzinduliwa mpaka mwanzoni mwa mwaka 2018, wagonjwa wengine wakalazimika kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Apangaye kujengwa titi sharti aijue kwanza tarehe ya mionzi yake, kisha ndipo aitaje tarehe ya kipandikizi, wala asifanye kinyume chake.

Iko njia nyingine, nayo ni kulijenga titi kwa nyama ya mwenyewe. Mtaliano Iginio Tansini aliutumia msuli wa mgongoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Marekani alieleza namna ya kuipandisha nyama ya tumboni pamoja na msuli wake. Titi la namna hii halipasuki, huongezeka na kupungua pamoja na mwili, na huistahimili ngozi iliyopigwa mionzi vizuri zaidi. Lakini jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanawake wa mijini hulipita kwa haraka, kwetu lahitaji kuangaliwa kwa makini. Msuli ule wa mgongoni ndio uuvutao mkono chini na nyuma, yaani ndio ulishushao jembe katika shamba la muhogo. Na msuli ule wa tumboni ndio umshikiliao mtu ainuapo ndoo ya maji, nao ukiondolewa, ngiri yaweza kutokea. Wapo mabingwa wawezao kuchukua ngozi na mafuta ya tumboni bila ya msuli, wakiunga mishipa ya damu chini ya hadubini, lakini kazi hiyo ni ya saa nyingi na yahitaji timu nzima yenye mazoea. Mkulima na amwambie mpasuaji wake waziwazi, “Daktari, mimi nalima,” kabla ya kuulizwa anataka umbo gani.

Njia ya tatu ni ile idharauliwayo kuliko zote, nayo kwa maoni yangu yastahili heshima ya kwanza katika mazingira yetu. Mwanamke aliyekuwa na matiti mazito, akiondolewa moja, bega la upande ule hupanda na shingo huuma, kwa hiyo titi la kuvaa lina kazi ya uzani kadiri lilivyo na kazi ya sitara. La silikoni lina uzani mzuri, ila hutia joto, na mwaka 2024 bei yake nchini Kenya ilitajwa kuwa shilingi 22,000 hivi, hali mama mmoja wa Thika, aliyepona saratani hiyo hiyo, alikuwa akifuma matiti ya nyuzi na kuyauza kwa shilingi 1,500. Fundi yeyote wa cherehani wa Busia aweza kuisaidia kazi hiyo: achukue sidiria ya mtumba iliyo imara, yenye mikanda mipana, akate kipande cha kitambaa cha pamba kwa umbo la kikombe chake, akishonee upande wa ndani, na kuacha mdomo wazi kwapani ili titi liingizwe na kutolewa. Ndani ya titi lenyewe patiwe sufi safi, na kifuko kidogo cha vishanga au kokoto laini zilizooshwa kikae chini, ili lisipande shingoni mvaaji ainamapo; nafaka isitiwe, kwa kuwa jasho huiozesha. Wiki sita za mwanzo livaliwe lile jepesi tu, lisilo na uzani, mpaka kovu lipoe.

Yeyote aliyechagua kujengwa na aingie katika maisha hayo akijua yaliyomo. Vipandikizi havikukusudiwa kudumu umri mzima, na kadiri miaka inavyozidi ndivyo uwezekano wa kupasuliwa tena unavyozidi. Ngozi ya titi lililojengwa aghalabu haina hisi, hata mpishi aliyeinamia jiko la makaa aweza kuungua asitambue mpaka aone lengelenge. Wekundu, joto, usaha, uvimbe wa ghafla, au titi kubadilika umbo, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile, wala si ya kungojea siku ya kliniki. Fauka ya hayo, titi la pili laendelea kuhitaji kupimwa, na mkono wa upande uliotolewa tezi wahitaji kulindwa na michubuko, na kurudishwa kazini kidogo kidogo kwa mazoezi, maana kuufungia mkono nyumbani hakuutibu.

Basi kabla ya kutia sahihi, mwanamke na amwulize tabibu maneno manne: je, nitapigwa mionzi, na lini; nitarudi kwako mara ngapi, na ni nani karibu na kwangu awezaye kufanya sehemu ya kazi hiyo; kipandikizi kikipasuka au kikikaza, nani atakitoa na kwa gharama ya nani; na msuli utakaochukua, hunifanyia kazi gani sasa? Majibu yakiwa mema, na ajengwe kwa furaha, wala asiambiwe na yeyote kuwa ni kiburi, kwani kuutaka mwili mzima si dhambi. Majibu yakikosekana, kifua kitupu kilichopona vizuri, chenye kovu bapa na sidiria iliyoshonwa kwa uangalifu, ni uamuzi kamili wa mtu mwenye akili timamu. Na mume, mama mkwe, na jamaa wote wa pande mbili za mpaka wawajibika kuuheshimu kama wangeuheshimu ule mwingine.