Dili Gani Hilo, Ndugu Mwandishi?

Juzijuzi nilimsomea mama sura ya kwanza ya mswada wa riwaya yangu. Tulikuwa uani kwetu Kasingirima, yeye anachambua dagaa, mimi nasoma kwa madaha kama mtu aliyekwisha kuchapishwa. Nikafika pale kijana Sadi anapomwambia mama yake: "Mama, nimepata dili Kalemie, naondoka na boti ya kesho." Mama akaacha dagaa wake.

"Kumbe huyo mtoto mwizi?"

"Hapana mama, kapata kazi ya kupakua mizigo."

"Sasa mbona hukusema kazi?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku hiyo neno hili limenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka.

Hebu tuanze na wenye neno. Waingereza wanalitumia "deal" kwa mambo chungu nzima: mapatano ya biashara, kugawa karata, kushughulikia jambo, wingi wa kitu, hata ubao wa msonobari. Sisi hatukuyapokea yote. Sijamsikia mtu kijiweni akigawa karata akasema anadili. Tulichukua mapatano, tukachukua na kushughulikia, ndiyo maana mtu anakutisha kwamba "atadili na wewe". Baada ya hapo tukazaa maana zetu wenyewe.

Hapa mtaani nimehesabu nne. "Tumefunga dili" ni makubaliano, tena ya halali. "Nimepata dili" ni kibarua, hata cha siku moja. "Kapiga dili", hapo pananuka rushwa au wizi. Enzi za uchaguzi wa 2015 na baada yake, "wapiga dili" walisemwa sana majukwaani, na hakuna aliyedhani wanaosemwa ni vibarua. Ya nne ni thamani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, dagaa walikuwa dili kwelikweli. Na binadamu naye, akifilisika, utasikia "yule siku hizi si dili".

Kwa hiyo mama hakukosea. Alichagua maana kwa sababu mimi sikuchagua. Na hapa ndipo ninapotulaumu sisi waandishi chipukizi, nikianza na mimi mwenyewe. Katika hadithi zetu jambazi ana dili, mganga ana dili, hata mchumba anatafutwa kama dili. Tunajidai tunaandika Kiswahili cha mjini, kumbe tumekwepa kazi ya kufikiri.

Wapo watakaosema dawa yake ni kulifukuza neno lenyewe, si Kiswahili. Siwaungi mkono. Litazameni neno "bepari". Nalo lilikuja na jahazi kutoka India, likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare aliiita Mabepari wa Venisi, ikatoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wakati huo bepari alikwisha kuwa mnyonyaji. Shakespeare jaladani ana mfanyabiashara mmoja. Mwalimu ana mabepari, tena wengi. Msomaji anafungua ukurasa wa kwanza tayari kakunja uso. Binafsi naona Antonio ameonewa kidogo, maana yeye alikuwa akikopesha watu bila riba. Lakini huo ni uchaguzi, na unaweza kubishana nao. Dili langu mimi halikuwa na cha kubishaniwa. Lilikuwa uvivu.

Basi nikakaa kurekebisha. Nikaandika: "Mama, nimepata kazi Kalemie." Sentensi ikafa. Nikaijaribu tena na tena, ndipo nikagundua kwamba kazi ya mizigo niliijua mimi, Sadi haijui. Jamaa aliyemwita hakumwambia zaidi ya "njoo, kuna dili". Kijana hana ajira, hakuthubutu kuuliza. Anapolitamka neno lile mbele ya mama yake anasitiri aibu mbili: ya kukosa kazi na ya kutojua anakokwenda. Hapo neno "kazi" lingekuwa uongo.

Kwa hiyo dili limebaki, ila sasa mama yake anauliza: "Dili gani?" Na Sadi anainama kufunga begi.

Ushauri wangu ni huu tu. Ukitaka kuliandika, jiulize kwanza ni lipi kati ya yale manne. Ukilijua, litaje kwa jina lake: kibarua, mkataba, wizi, mali adimu. Ukiona mhusika wako anaficha, au naye hajui, mwachie dili lake, lakini wewe mwandishi ujue.

Jana nimemsomea mama upya. Safari hii hakuuliza kitu. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Mwambie asiende."

Nami sijui nitamwambiaje, maana boti inaondoka sura ya pili.