Sauti Ina Kiasi Chake

Msimu wa kahawa ukiisha Mbinga, fedha ya mkulima hupita kwanza kwenye ada, mabati na mbolea. Ikibaki kidogo, mwenye gari aina ya Noah huipeleka kwa fundi wa redio za magari. Ufundi huu wa kuoanisha spika na amplifaya ya gari wengi huuona mchezo wa vijana. Nami niliuona hivyo hadi siku niliyopanda gari la kwenda Kingerikiti, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na dereva akaomba tupitie kwanza kwa fundi.

"Shikamoo, mzee. Nataka redio yenye nguvu ndogo. Hii imeniunguzia spika."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza tuiulize spika yenyewe."

Alifungua milango ya mbele, akatoa spika zote mbili na kuzilaza juu ya kitambaa. Alishika mita, akagusa ncha zake kwenye vichwa vya spika ya kwanza: ikasoma 3.4, kama inavyostahili spika ya omu 4. Ya pili haikusoma kitu. Kisha akaweka vidole vya mikono miwili pembeni mwa koni, akaibonyeza polepole huku ameinamisha sikio. Ile nzima ilizama na kuinuka kimya. Ile nyingine ilikwaruza ndani kama mchanga kwenye sufuria. Akainusa, akampa dereva naye anuse. Ilikuwa harufu ya koili iliyoungua.

"Redio yako ni ndogo, ukailazimisha," akasema. "Ndiyo iliyoiua."

Nilidhani amekosea. Lakini hesabu iko upande wake. Betri ya gari ni volti 12, na injini ikiwaka hupanda hadi 14 na ushei. Kwa umeme huo, redio ya kawaida isiyo na amplifaya hutoa wati 20 hivi zilizo safi kwa kila spika ya omu 4, hata kama usoni imeandikwa 50 mara 4. Dereva akizidi kufungua sauti, redio haina pa kupandia. Vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa, na wimbi lililokatwa hivyo huweza kubeba karibu mara mbili ya nguvu ile safi. Spika inasikika ikikoroma, na joto lote linaishia kwenye waya mwembamba wa koili. Wazee walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Fundi huyu alikuwa anajua inapasukia wapi, na kwa nini.

Tiba yake ilikuwa amplifaya iliyolingana na spika mpya. Hakutazama tarakimu kubwa za kwenye boksi, zile za wati za kilele ambazo spika huzihimili kwa kufumba na kufumbua. Alitafuta wati za kudumu, akakuta 50, akachagua amplifaya ya 50 kwa kila upande kwenye omu 4. Kila spika aliipa njia yake. Alieleza kwamba spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo huchemka na kujizima. Waya wa umeme aliuchagua mnene, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani gari lisiwake moto.

Kilichobaki ni geini, kitufe cha amplifaya ambacho wengi hukizungusha hadi mwisho wakidhani ni cha kuongezea sauti. Alichomoa spika, akapiga mlio mmoja wa majaribio, akafungua redio robo tatu, akazungusha geini kwa ncha ya bisibisi huku macho yakiwa kwenye mita. Wati 50 kwenye omu 4 ni volti 14 na nukta moja. Ilipofika 14 akaacha. Mwisho akazizuilia spika hizo ndogo sauti nzito za chini ya hezi 80, kwa sababu hiyo ni kazi ya sabufa.

Nikakumbuka ngoro. Mmatengo wa Mbinga akilima mlimani hachimbi mtaro wa kukimbiza maji. Huchimba mashimo mengi yaliyopangana, yenye kingo zilizofukiwa majani, na mvua ikija huingia humo ikazama taratibu, udongo ukabaki mahali pake. Kila shimo linapokea kiasi linachokiweza. Fundi naye aliitendea sauti hivyo hivyo: hakuna waya, koili wala spika iliyobebeshwa kisichoiweza.

Tulipoondoka dereva aliweka kwaya. Kwa mara ya kwanza ndani ya Noah nilisikia besi imekaa peke yake, tenori juu yake, na soprano imesimama wima bila kukwaruza. Sauti ilijaa gari zima, na mama aliyekaa nyuma yangu aliendelea kuzungumza na mwanawe bila kupaza sauti.

Nchi yetu imejaa magari yanayopiga kelele kwa gharama kubwa. Ukimpata fundi anayepima kabla ya kuuza, mwachie gari lako, mpe muda anaouomba, na usimlalie kwenye malipo.