Mzaha wa Mchungaji Schmucker: Nani Aliandika Tamthilia za Shakespeare?

Wengi wetu tulikutana na William Shakespeare katika Kiswahili cha Mwalimu Julius Nyerere, aliyetoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Hatukuuliza kama kweli Shakespeare ndiye aliyezitunga tamthilia hizo. Lakini huko Uingereza na Marekani swali hilo limebishaniwa kwa zaidi ya miaka 150. Makala haya yanakusudia kulichunguza kupitia kitabu kimoja kilichosahauliwa cha mchungaji wa Kilutheri, kwa kuwa kosa lililomo laweza kutupata sisi sote tunaofundisha na kuhubiri.

Mwaka 1835 David Friedrich Strauss alianza kuchapisha huko Ujerumani kitabu chake juu ya maisha ya Yesu, akidai kwamba habari nyingi za Injili ni visasili. Mwaka 1848 Samuel Mosheim Schmucker, mchungaji kijana wa Marekani, aliwajibu wahakiki wa namna hiyo kwa kejeli. Alizichukua silaha zao akazielekeza kwa Shakespeare: kumbukumbu za maisha yake ni chache mno, na haielekei mtu asiye na elimu ya juu aandike mambo makuu namna ile. Schmucker mwenyewe hakuwa na shaka yoyote juu ya Shakespeare. Alitaka msomaji acheke, kisha akiri kwamba hoja zilizo upuuzi kwa Shakespeare ni upuuzi pia kwa Biblia.

Mbinu hiyo ni ya werevu, lakini wakati ulimgeuka. Mwaka huohuo wa 1848 Mmarekani mwingine, Joseph C. Hart, aliandika shaka ileile kwa dhati. Mwaka 1857 Delia Bacon alitoa kitabu kizima akidai kwamba tamthilia hizo zilitoka kwa kundi la wakubwa, miongoni mwao Francis Bacon na Walter Raleigh. Mwaka 1920 mwalimu wa shule wa Uingereza, J. Thomas Looney, alimtaja Edward de Vere, Lodi wa Oxford, na hata Sigmund Freud akasadiki. Sisemi kwamba watu hawa walijifunza kwa Schmucker. Nasema tu kwamba jambo aliloliona kuwa upuuzi usiohitaji jibu, wengine waliliona kuwa kweli, na mzaha wake haukuwa na la kuwajibu.

Jibu lipo, nalo ni ushahidi. Vitabu vya Kanisa la Utatu Mtakatifu, Stratford, vyaonyesha kwamba Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 na kuzikwa tarehe 25 Aprili 1616. Mwaka 1598 Francis Meres alimtaja kuwa mtunzi wa tamthilia kadhaa, na ile tuiitayo Mabepari wa Venisi ilichapwa mwaka 1600 ikiwa na jina lake. Katika wosia wake aliwaachia waigizaji wenzake fedha za kununulia pete, wakiwamo John Heminges na Henry Condell. Hao wawili ndio waliokusanya tamthilia 36 katika kitabu cha mwaka 1623. Nusu yake hazikuwa zimechapwa kabla, na mojawapo ni Julius Caesar. Pasipo uaminifu wa marafiki hao, huenda Mwalimu asingaliipata ya kutafsiri. Naye de Vere alifariki mwaka 1604, ilhali wataalamu walio wengi huiweka The Tempest karibu na mwaka 1611.

Ni kweli kwamba orodha za wanafunzi wa shule ya Stratford za wakati ule hazikusalia. Lakini ukimya huo wawahusu watoto wote wa mji, si mmoja peke yake. Chini ya shaka hii mara nyingi imejificha dharau: mwana wa mtengeneza glavu atoe wapi hekima? Watu wa Nazareti nao walijikwaa papo hapo juu ya mwana wa seremala.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kuuliza habari za mwandishi ni kukosa imani. Luther mwenyewe alidhani kwamba Apolo ndiye aliyeandika Waraka kwa Waebrania. Wataalamu wa Shakespeare nao hukubali kwamba hakutunga yote peke yake: John Fletcher alishirikiana naye katika baadhi ya tamthilia za mwisho, na toleo la Oxford la mwaka 2016 lilimtaja Christopher Marlowe kuwa mshiriki katika sehemu zote tatu za Henry VI. Maswali hayo yalizaliwa na usomaji wa maandishi yenyewe, na yametuongezea maarifa.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Schmucker. Strauss hakukana kwamba Yesu aliishi. Aliuliza jinsi habari zake zilivyopata kuandikwa. Swali hilo lilistahili jibu la mtu aliyeketi na maandiko mbele yake. Mwanafunzi akituletea shaka, tusimcheke wala tusimnyamazishe. Yatupasa kumwuliza ana ushahidi gani, kisha tufungue vitabu pamoja naye.